Vimpira viwili vikawa kimoja

Jana nimeinamia hadubini mpaka shingo ikakakamaa, lakini nimeona kwa macho yangu seli ya nyanya na seli ya kiazi zikiungana kuwa moja! Majani ya nyanya yalilala usiku kucha kwenye vimeng'enya vinavyokula kuta za seli. Ukuta ukiisha, kinabaki kimpira cha kijani, laini kupita kiasi. Maji yakipungukiwa sukari kidogo tu, kinapasuka. (Vya wiki iliyopita vilipasuka vyote. Tusiongelee.)

Upande wa pili niliweka seli za viazi za kukuzwa kwenye chupa, nazo zimevuliwa kuta, zisizo na rangi, ili nisichanganyikiwe. Nikadondoshea polietilini glaikoli, kemikali inayofanya vimpira vishikamane. Kijani kikagusana na cheupe, vikang'ang'aniana, mpaka ule mstari wa katikati ukafifia, ukapotea kabisa. Nikasahau hata kupumua.

Najua, si jambo jipya. Mtafiti Melchers na wenzake walifanya hivihivi Ujerumani, wakatangaza mwaka 1978. Mmea wa mchanganyiko huo uliota kweli, ila haukutoa viazi vya maana wala nyanya za maana, maskini.

Sasa nasubiri kimpira changu kijijengee ukuta upya, kianze kugawanyika. Leo nimeshachungulia mara nne. Bado.