Usiku mzima kwa ajili ya ukurasa mmoja

Jana nimemaliza orodha ya marejeo ya tasnifu yangu. Nashukuru, ila bado inaniuma nikikumbuka nilivyoanza.

Nilikuwa nikisoma, nikipenda sentensi naiandika daftarini bila namba ya ukurasa. Msimamizi akanirudishia sura ya pili, pembeni kwa kalamu nyekundu: "Uk. wa ngapi?" Mara kumi na nne! Sentensi moja ilinikeshesha, kitabu chenyewe nilishakirudisha maktaba.

Sasa natumia Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo. Ni ya bure, ipo tangu 2006; unabofya kitufe kwenye kivinjari, taarifa za makala zinaingia zenyewe. Lakini jamani, zikagueni. Nilikuta jina la ukoo la mwandishi limewekwa mahali pa jina lake la kwanza, na kichwa kizima cha makala kwa herufi kubwa. Programu hupanga ulichoipa, basi. Na kwa wanaotumia APA toleo la 7, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeo, DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni) huandikwa kama kiungo kamili, kuanzia https.

Kilichoniokoa zaidi ni daftari lilelile. Nikinakili maneno ya mtu, naweka alama za kunukuu na namba ya ukurasa papo hapo, kabla sijafunua ukurasa mwingine. Baada ya miezi sita huwezi tena kutofautisha sauti yako na ya mwenzio, na hapo ndipo mtu mwaminifu kabisa anapojikuta ameiba maandishi bila kukusudia.

Kwangu mimi, wino mweusi ni wa waandishi. Wa bluu ni wangu.