Upande wa Nne

Kama ni Deep Purple, ile bendi ya roki ya Waingereza, mimi nipigieni za jukwaani. Za studio nazisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza hotuba ya mgeni rasmi, huku roho iko kwingine. "Space Truckin'" iliyo kwenye albamu ya Machine Head ni dakika nne na nusu, safi, imenyooka, haina kosa. Ile waliyoipiga Japani mwezi Agosti 1972, ikawekwa kwenye albamu ya Made in Japan, inakaribia dakika 20, na ndani yake mna jasho, mna kelele za watu, na mna mahali unaposikia kabisa kwamba hata wapigaji wenyewe hawajui watatokea wapi.

Ila mimi nimekua nikijua nusu tu ya wimbo huo.

Lawama naziweka kwa kijana mmoja wa duka la kurekodi kanda hapo mjini Mombasa, duka ambalo siku hizi halipo tena. Binamu yangu, kibarua wa bandarini Kilindini, alikwenda kurekodiwa albamu hiyo, akapewa kanda ya C-60 kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi, na hakuna aliyemwambia neno. Sasa hesabu yenyewe ni hii: Made in Japan ni sahani mbili, nyimbo saba, jumla dakika kama 76. C-60 inabeba nusu saa kila upande. Upande wa kwanza ulimeza "Highway Star", ukameza "Child in Time" na dakika zake 12, ukameza "Smoke on the Water", kisha "The Mule" ikaanza. Ian Paice anajiandaa kuonyesha ngoma zake, mara kwaa! Kanda imekwisha. Ukigeuza, unapata "Strange Kind of Woman" na "Lazy" nzima nzima, halafu "Space Truckin'" inakwenda dakika kama kumi hivi, kinanda cha Jon Lord kimeanza kunguruma, na hapo hapo kwaa ya pili.

Binamu alipohamia Mtwapa aliniachia kanda hiyo pamoja na redio kaseti iliyokatika mkono. Nikawa navyo. Mama hakuupenda muziki ule, lakini hakuukataza. Kila "Child in Time" ikifika pale Ian Gillan anapopaza sauti mpaka juu kabisa, aliniuliza kutoka uani, "Huyu naye kafiwa na nani?" Nami kila kanda ilipokatika nilimalizia mwenyewe kichwani. Ya "The Mule" haikunisumbua. Ngoma ni ngoma, zitapigwa zitaisha. Ya "Space Truckin'" ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilikuwa nimeshaitungia mwisho wangu: kinanda kitapanda, gitaa litarudi na ule mdundo wa mwanzo, Gillan ataimba ubeti tena, watu watapiga mayowe, kwisha. Mwisho mzuri tu. Niliuamini.

Mwaka 1987 nilikuwa kidato cha pili, tunakaa Majengo. Nilikwenda kunyolewa, na kinyozi, mtu wa taarabu kutoka asubuhi hadi usiku, akanisikia nikivumisha gitaa la "Smoke on the Water" kwa mdomo. Akasimamisha mkasi.

"Hiyo si ile ya Baharia wa Kibokoni? Yeye ana sahani yake. Mbili, ziko kwenye jalada la dhahabu linalofunguka kama kitabu. Kila Jumapili jioni hutupigia kelele mtaa mzima."

Nywele ziliishia hapo hapo, upande mmoja mfupi kuliko mwingine. Sikujali.

Jumapili iliyofuata, baada ya alasiri, nilikuwa Mji wa Kale nikibisha hodi kwenye mlango ambao sikuwajua wenyewe. Alifungua mzee wa kikoi na fulana, kofia ya vito kichwani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikajitaja, nikamtaja baba, nikamtaja na babu, maana Mji wa Kale huingii bila nasaba. Kisha nikasema nilichofuata. Alinitazama kwa muda, akageuka akaita ndani, "Bi Mkubwa! Amekuja mgonjwa mwenzangu!"

Baharia alikuwa amefanya kazi kwenye meli miaka mingi, chini kwenye chumba cha mashine, na masikio yake yalibaki huko. Ndiyo sababu spika zake zilikuwa wazi mpaka mwisho. Sahani alizinunua Hamburg. Hakuwa na habari na gitaa sana. Alichokipenda ni kinanda cha Jon Lord, kile cha Hammond kilichopitishwa kwenye amplifaya za Marshall za wapiga gitaa, hata kikakwaruza na kunguruma. "Hiyo ndiyo sauti ya kazini kwangu," alisema. Nadhani alikuwa mtu pekee Mombasa aliyesikiliza roki kwa kukumbuka kutia mashine mafuta.

Nikamwomba aniwekee upande wa nne moja kwa moja. Akakataa.

"Mwanangu, kitabu waanza katikati? Keti."

Nilikaa kwenye mkeka nikamtazama akitoa sahani. Aliishika kwa viganja, pembeni tu, vidole havikugusa mistari, akaipangusa kwa kipande cha flana, akipuliza vumbi kama mtu anayepoza chai ya mtoto. Juu ya kichwa cha mkono wa sindano alikuwa amebandika sumuni kwa gundi ili sindano isirukeruke. Akaishusha. Kwanza mkwaruzo, halafu Paice na ngoma zake, halafu Roger Glover na besi, na chumba kizima cha mawe ya matumbawe kikaanza kutetemeka. Mimi nilikuwa nimezoea spika moja ya ukubwa wa kisosi. Sikujua kwamba besi huingia kwa miguuni.

Sahani ilipogeuzwa na "Smoke on the Water" ikaanza, watu wa Japani wanapiga makofi kulifuata gitaa la Ritchie Blackmore, Baharia akanisimulia moto wenyewe unaoimbwa humo. Deep Purple walikuwa wamekwenda Montreux, Uswisi, kurekodi kwenye kasino. Tarehe 4 Desemba 1971 mwanamuziki Frank Zappa yuko jukwaani humo, mtu mmoja kwenye hadhira akafyatua bastola ya fataki, jengo likateketea, moshi ukatanda ziwani. Hadithi hiyo kila mpenzi wa roki anaijua. Lakini yeye aliichukulia kibaharia.

"Wazijua zile fataki? Tunazo melini. Ni za kuita watu waje wakuokoe. Mtu na akili zake aifyatue ndani ya nyumba, chini ya dari!" Alitikisa kichwa kwa hasira mpya kabisa, kama aliyepata habari hizo asubuhi ile. "Na hakuna aliyemshika!"

"The Mule" niliisikia nzima kwa mara ya kwanza na, kama nilivyosema, ngoma ni ngoma. Paice anisamehe. Upande wa tatu tukausikiliza bila maneno, isipokuwa pale kwenye "Strange Kind of Woman" Gillan na gitaa wanapojibizana, yeye akitoa sauti, gitaa likimwiga, mpaka anafika pasipoigika. Hapo Baharia alicheka peke yake, akasema mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo akiwa harusini, watu wamechangamka na tuzo zinamiminika, nani alikuwa akitazama saa? Ubeti mmoja ungeweza kukaa nao mpaka mwenyewe aridhike. Wimbo wa kwenye sahani ya studio, alisema, ni wimbo uliopigwa bila mtu wa kutunzwa naye.

Jua lilikuwa limeshainama tulipofika upande wa nne. Mimi mikono imelowa jasho. "Space Truckin'" ikaanza, ubeti ukaja, ubeti ukapita, kinanda kikashika. Nilikuwa nikihesabu moyoni, maana nilijua kwa mazoea kanda yangu inakatia wapi, na tulikuwa hatujafika bado. Mara, kutoka msikiti wa jirani, "Allahu Akbar".

Baharia aliinua sindano kabla muadhini hajamaliza tamko la pili.

Nilimtazama. Akanitazama.

"Unasali wewe?"

"Nasali, ami."

"Basi simama, tukatawadhe."

Sitasema niliswali maghrib ile kwa moyo mkunjufu. Mungu anajua nilikuwa wapi. Na baada ya salamu ndipo ilipoanza mitihani. Wazee wa Kibokoni hawatoki msikitini wakaenda zao. Wanakaa barazani. Kuna mmoja alikuwa na habari za bei ya nguru, mwingine ana neno kuhusu mwanawe aliyeko Jeddah, mwingine anataka Baharia amtafutie fundi wa pampu. Nami nimesimama na viatu mkononi kama mtoto aliyetumwa deni. Baharia aliwasikiliza wote, mmoja mmoja, kwa upole wa mtu ambaye nyumbani hakuacha chochote motoni. Mpaka leo nashuku alifanya kusudi.

Tuliporudi, Bi Mkubwa alikuwa ameweka mahamri na mbaazi. "Kula kwanza," akasema, "hao Wazungu hawakimbii." Nilimeza hamri moja bila kutafuna.

"Tuna wakati kabla ya isha," Baharia akasema, akaweka sindano. Hakuirudisha tulipoishia, aliirudisha mwanzo wa upande. Sikuthubutu kulalamika.

Ubeti. Kinanda. Kinanda kinanguruma. Tukafika pale, pale penyewe, na mwili wangu wote ukangoja ile kwaa. Haikuja. Muziki ukaendelea tu, kama haukujua kuwa hapo ni mwisho.

Na haukuenda nilikoupeleka. Fujo yote ikaanza kupungua, chombo kimoja kimoja kikinyamaza, mpaka ikabaki sauti moja nyembamba ambayo sikuitambua. Ilikuja kutoka mbali, ikavimba, ikaisha, ikaja nyingine. Haikuwa na mwanzo wa kupigwa.

"Ami, hiyo ni fidla?"

"Fidla wapi! Gitaa hilo hilo." Akanyosha mkono juu ya ukingo wa meza. "Waona? Apiga waya sauti ikiwa imefungwa. Kisha kwa kidole hiki kidogo azungusha kitufe, aifungua polepole. Ile kupiga yenyewe huisikii, wasikia mkia wake tu." Kidole chake cha mwisho, kilichopinda kwenye kiungo, kilizungusha kitufe kisichokuwapo, mbele na nyuma, sambamba na Blackmore. Alisema kuna kijana alimwona akifanya hivyo kwenye baa moja ya bandarini Hamburg, na neno "baa" alilitamka kwa kunong'ona, akitupia jicho jikoni.

Niseme ukweli: nilikasirika. Nilingoja ubeti urudi, haukurudi. Nilingoja ule mdundo wa mwanzo utukusanye sote uturudishe nyumbani, lakini wale watu watano walizidi kwenda. Kutoka kwenye ule utulivu wakapanda tena, safari hii kwa kasi, gitaa likipiga kelele zisizokuwa wimbo wala tuni, kinanda kikigongwa, mpaka kila kitu kikaanguka kwa kishindo na watu wakalipuka. Mwisho wangu nilioutunga ulikuwa na adabu zaidi. Ulikuwa mwisho wa studio, sasa naona, ingawa wakati ule nilichoona ni kwamba Baharia na Deep Purple wameniharibia wimbo.

"Rudisha, ami," nikasema.

Akacheka. "Isha hiyo yaingia. Njoo Jumapili, uje na kanda. C-90, wasikia? Si ile takataka yako. Sahani ya kwanza dakika 36, ya pili dakika 40, kila moja na upande wake, na nafasi yabaki."

Kesho yake shuleni niliwahadithia wenzangu. Nilidhani nitashangiliwa, nikaitwa mwongo. Kila mtu aliyekuwa na Made in Japan darasani kwetu aliirekodi kutoka kwenye kanda yangu, kwa hiyo kila mtu alijua vizuri kwamba wimbo unaishia kwenye kinanda. Gitaa lisilopigwa? Ubeti usiorudi? Mmoja aliapa kwamba mimi ndiye niliyeongeza. Ubishi ukachukua wiki nzima, ukaingia mpaka kwenye kipindi cha jiografia.

Jumapili Baharia alifungua mlango, akaiona C-90 mkononi mwangu, kisha akaangalia nyuma yangu kichochoroni, kichwa baada ya kichwa.

"Nilikwambia ulete kanda," akasema. "Hukunisikia nikisema ulete timu ya mpira."

Kutoka ndani tulimsikia Bi Mkubwa akiuliza ni watu wangapi, na sufuria kubwa ikishushwa kutoka juu.

"Haya, vueni viatu. Asiguse sahani mtu. Na aliyekuja kwa ajili ya 'Smoke on the Water' peke yake, arudi kwao sasa hivi."