Tulipojifunza kuwauliza wenyeji kwanza

Wiki hii tumetia saini hati ya makubaliano na kituo kingine cha nje ya nchi kitakachopokea wanafunzi wetu wa tiba kazi (taaluma ya kumsaidia mgonjwa amudu tena shughuli zake za kila siku) kwa mafunzo ya vitendo, na nimejawa na shukrani. Shirikisho la kimataifa la taaluma yetu, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi atimize angalau saa 1,000 za mafunzo hayo.

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuwaandikia wenyeji, yaani wasimamizi wa vituo vinavyopokea wanafunzi wetu, tukieleza mahitaji yetu tu. Msimamizi mmoja alituambia waziwazi kwamba kila kundi la wageni lilimwongezea kazi ya kutafsiri na kuelekeza, kisha likaondoka bila kuacha chochote. Maneno hayo yaliniuma, lakini yalikuwa ya haki. Siku hizi tunakubaliana nao mapema kuhusu idadi ya wanafunzi, lugha, bima na tathmini, na wanafunzi wao nao wanakuja kwetu.

Mwenyeji ndiye mwalimu hasa, kwa kuwa kumsaidia mtu arudie kuvaa, kupika au kuoga mwenyewe kunategemea namna watu wa mahali pale wanavyoishi, na mwanafunzi asiyeongozwa atapendekeza kifaa ambacho hakitatumika kamwe katika nyumba ya mgonjwa. Kundi la kwanza la kwenda kituo hiki kipya linaondoka muhula ujao.