Nilivyojifunza kuchagua nyuzi za gitaa, baada ya kung'oa briji na kuaibika kanisani

Mi napiga gitaa hapa Arua, Uganda, Jumapili niko kanisani na Jumamosi harusi ikitokea naenda. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwaya kaniletea gitaa yake, kafunga nyuzi ambazo zilibaki kidogo tu zimvunjie shingo ya hiyo gitaa, nikacheka sana, akadhani namdharau, kumbe mi nilipita njia hiyo hiyo tena nikafika mbali kuliko yeye. Ndo maana nimeamua niandike.

Gitaa yangu ya kwanza niliinunua mtumba, boksi (ile isiyotumia umeme) ya rangi ya asali, shingo pana kama ubao wa kukatia mboga. Nyuzi tatu nyembamba zilikuwa za nailoni, zile nene tatu zina rangi ya fedha, laini hata hazikuumizi vidole. Mi sikutaka ulaini, nilitaka ile sauti ya chuma inayong'aa, ile ya kadongo kamu, nyimbo za Kiganda za gitaa ya boksi, nilizokuwa nazisikia redioni kwa jirani. Basi nikamtuma mtu aliyekuwa anaenda Kampala na basi la usiku, akafika dukani akaulizwa swali moja tu, ya boksi au ya umeme? Akasema ya boksi. Akapewa pakiti ya 12 (namba ya unene, nitaieleza mbele), akaniletea, nikashukuru.

Tatizo likaanza pale pale kwenye kufunga, sema sikuliona. Nyuzi za chuma zina kigololi mwishoni na gitaa yangu haikuwa na pini za kukishika, ilikuwa na vitundu vya kufungia fundo. Nikapitisha uzi kwenye kitundu kigololi kikabaki nyuma, nikajiona fundi. Sauti ilitoka kali, tamu, nikapiga mpaka usiku. Siku ya tano niko nje nakunywa chai nikasikia ndani PAA! kama mtu kavunja sahani. Nikaingia nikakuta briji, kile kibao cha mbele kinachoshika nyuzi, imeng'oka na kipande cha mbao kimebaki kimeigandia chini, nyuzi zimejikunja hewani kama ndevu za kambale.

Baadaye ndo nikaelewa hesabu yake. Nyuzi sita za nailoni zikishatyuniwa zinavuta jumla kama kilo 40 hivi, sasa seti ya chuma ya 12 mpaka 53 inavuta karibu kilo 70. Yaani nilibandika mzigo zaidi ya nusu mfuko wa simenti kwenye kibao kilichoshikwa na gundi tu, na shingo ya gitaa kama ile kwa kawaida haina chuma ndani cha kuizuia isipinde. Muuzaji alijibu alichoulizwa, simlaumu sana, lakini "boksi" si aina moja. Ukitaka kujua yako ni ipi angalia briji, kama nyuzi zinafungwa fundo na kichwa cha gitaa kina matundu marefu mawili yenye vigurudumu vya plastiki vyeupe, hiyo ni ya nailoni, usiiwekee chuma hata ukiombwa na askofu. Kama kuna pini sita zinachomekwa kwenye briji hiyo ndo ya chuma.

Fundi seremala akaibandika briji, na nailoni sikuzipata hapa mjini. Kilichoniokoa ni jamaa mmoja Mualuri anayetengeneza adungu, kile kinubi cha kwao, akaniuliza kwa nini nahangaika na sisi tunafunga uzi wa samaki? Kweli, adungu nyingi siku hizi zina nailoni ya kuvulia. Nikaagiza kwa wanaoleta samaki kutoka Panyimur kwenye Ziwa Albert, nikaomba unene wa karibu milimita 0.7 kwa uzi wa kwanza (ule mwembamba kabisa) na milimita 1 kwa wa tatu, maana ndo unene wa nailoni za kawaida za gitaa. Ukafanya kazi. Si kama wa dukani, ule wa tatu ulikuwa kama umefunga pua, lakini nilipiga nao miezi mingi tu na hakuna aliyelalamika. Nyuzi nene za besi hapo uzi wa samaki haukusaidii, hizo lazima ununue, zimezungushiwa waya.

Sasa aibu ya kanisani. Hapo nilishapata gitaa ya umeme, kopi ya ile modeli maarufu ya Stratocaster, nyeupe, yenye mkono wa kutikisia. Nyuzi zikaisha kutu kiangazi, mnajua vumbi la Arua mwezi wa kwanza na jasho juu yake. Duka nililoenda lilikuwa na seti za boksi tu, zile za rangi ya dhahabu, nikasema nyuzi ni nyuzi, na zilikuwa namba 10 kama nilizozoea, nikafunga Jumamosi usiku bila kuchomeka kwenye ampu, kile kikuza sauti cha gitaa. Kavu zilisikika vizuri.

Jumapili tunaanza wimbo wa kuingilia. Nyuzi mbili nyembamba zinapiga kelele kama mwizi kakamatwa, zile nne nyingine zimezama, besi haipo kabisa. Nikiongeza sauti, uzi wa kwanza unatoboa masikio ya akina mama walio mbele, nikipunguza napotea. Fundi mitambo kabadilisha waya, kabadilisha chaneli, kaanza kunilaumu mi, mi nalaumu ampu, mwalimu wa kwaya anatuangalia wote wawili kwa jicho ambalo sitalisahau. Nikamaliza ibada nikipiga vikodi vya nyuzi mbili.

Kuna mzee wa Kikongo huwa anapiga solo kwenye harusi zetu, sisi wote tunamwita Papa. Ibada ilipoisha kanisogelea, hakugusa ampu, kaangalia nyuzi tu.

"Mtoto yangu, hii kamba umeitoa wapi?"

"Dukani, Papa. Ni namba 10, mpya kabisa."

"Iko mupya, ndiyo. Lakini hii ni kamba ya boksi. Sumaku haiisikie."

Tukaenda kwake. Akatoa sumaku ya spika iliyokufa, akaning'iniza uzi nene wa dhahabu karibu yake, ukavutwa kivivu. Akachukua uzi wake wa zamani wa umeme, mweupe, unene ule ule, ukaruka ukaigandia sumaku tak! Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenieleza. Pikapu ya gitaa (si ile ya kubeba matoke) ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko, uzi wa chuma ukitikisika juu yake ndo unazalisha kaumeme kadogo kanakoenda kwenye ampu. Zile za dhahabu zimezungushiwa bronzi, na bronzi sumaku haina habari nayo, inachosikia ni kale kawaya ka chuma kaliko katikati. Na nyuzi mbili nyembamba kwenye seti zote ni chuma kitupu, iwe ya boksi iwe ya umeme, ndo maana zile mbili tu zilikuwa zinapayuka.

Boksi ni kinyume, pale hakuna sumaku, kinachotoa sauti ni ubao wa mbele unaotikiswa na briji, kwa hiyo unataka uzi wenye uzito wa kuusukuma ule ubao na bronzi inafaa. Ukifunga nyuzi za umeme kwenye boksi ya chuma hakuna kinachoharibika, sauti inakuwa nyembamba na ndogo tu, na uzi wa tatu utabadilika maana kwenye seti ya umeme ya 10 huo ni chuma kitupu unene 17, kwenye seti za boksi kwa kawaida umezungushiwa waya na ni mnene zaidi. Papa mwenyewe boksi yake ya nyumbani ina nyuzi za umeme, anasema anafanyia mazoezi hataki vidole vishtuke akishika ya umeme. Mi siwezi, naona boksi inalia kama iko kwenye debe.

Hizi namba nazo zilinichanganya muda mrefu. 10 maana yake uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010, yaani inchi ukiigawa vipande elfu moja unachukua kumi. Watu wakisema 10-46 ni wa kwanza na wa sita. Nilisikia kwamba uzi mnene ndo una sauti ya kiume, basi kwa tamaa nikanunua 11 za umeme. Nikafunga zote sita, natyuni ya kwanza, nikifika ya sita ya kwanza imeshuka, narudia, ya tatu imeshuka, nusu saa nazunguka tu kama mbwa anayefukuza mkia. Nikageuza gitaa nikaona briji imenyanyuka nyuma kama mdomo wa kiboko. Ile yenye mkono inashikwa na springi upande wa mgongo, nyuzi zikivuta zaidi ya springi inanyanyuka. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikakaza skrubu mbili zinazoshika springi, robo kwa robo, natyuni tena, mpaka ikalala. Na shingo nayo ilikuwa imepinda kidogo mbele, nyuzi zikawa juu, ikabidi kukaza na chuma cha ndani ya shingo, hicho nacho robo mzunguko unasubiri, usikikaze kama unafunga nati ya gurudumu.

Mwisho wa yote nikarudi 10. Kwa sebene, ile sehemu ya mwendo kasi ya kucheza kwenye rumba, 11 zilinichosha, dakika ishirini watu wanacheza na mkono unaungua, na ule wepesi wa kurukaruka kwenye nyuzi nyembamba unapotea. Wanaopiga wakiwa wameshusha gitaa nusu toni kufuata sauti ya mwimbaji, hao 11 inawafaa, uzi ukishushwa unalegea na unene unarudisha ule ukazo. Vijana wanaoanza nawaambia 9-42 ya umeme wasione haya. Kwenye boksi ya pini anza na 10-47 au 11-52, zile 12 waachie wenye boksi imara na vidole vyenye sugu.

Papa pia ndo alinionyesha mi-composé, kitu ambacho kwenye pakiti hutakipata. Anatoa uzi wa nne, pale pale anafunga uzi mwembamba kama wa kwanza, anautyuni re ile ile lakini oktavu moja juu. Ukisikia ile gitaa ya kati kwenye rumba inavyometameta kati ya solo na ridhimu, wengi walikuwa wanafanya hivyo. Kwa hiyo nikikuta nyuzi za kwanza zinauzwa moja moja nabeba tano, hata hivyo ndo zinazokatika zaidi.

Kwenye bronzi kuna aina mbili utakutana nazo. Ile ya 80/20 ni shaba asilimia 80 na zinki 20, wanaiita bronzi ingawa hata bati haimo, inang'aa sana siku za kwanza halafu inazeeka haraka. Ya fosfa ni shaba na bati kidogo na chembe ya fosfa, kampuni ya D'Addario ndo waliileta kwenye gitaa mwaka 1974, sauti yake ina joto zaidi na mi naona inavumilia jasho langu. Za umeme nyingi ni chuma kilichopakwa nikeli, chukua hizo. Stenlesi zinang'aa na hazishiki kutu ila zinakula freti, vile vichuma vinavyokatiza shingo, haraka, na freti hapa Arua nani atakubadilishia? Zipo na zilizopakwa utando wa plastiki kama Elixir, zinadumu kweli, lakini bei yake mi nanunua seti mbili za kawaida na soda.

Feki zipo, kuwa macho. Niliwahi kuuziwa pakiti yenye jina kubwa, uzi wa kwanza ukakatika unatyuniwa. Tangu hapo D'Addario nafungua nikiwa bado kaunta naangalia vigololi, vina rangi tofauti, uzi wa kwanza fedha, wa pili zambarau, wa tatu kijani, wa nne mweusi, wa tano mwekundu, wa sita njano ya shaba. Vikiwa vyote rangi moja narudisha. Hata rangi wanaweza kuiga bila shaka, ila wale wavivu unawakamata hapo.

Kutunza ni kitambaa tu, ukimaliza kupiga futa juu na chini ya uzi. Papa huwa anachemsha nyuzi nene kwenye sufuria dakika kumi, uchafu unatoka kwenye mizunguko, zinalia kama mpya siku mbili tatu halafu zinakufa tena. Nilijaribu mara moja na mama watoto kaniuliza supu itaiva saa ngapi. Sijarudia kwenye sufuria yake.

Yule kijana wa kwaya, gitaa yake ilikuwa ya nailoni kama ile yangu. Nililegeza nyuzi zake za chuma polepole, zote pamoja, briji ilikuwa imeanza kuachia upande mmoja, karatasi inapita chini yake. Iko kwa seremala sasa hivi na nailoni zinakuja na basi la Alhamisi, safari hii nimemwandikia yule tuliyemtuma kwenye karatasi, nailoni, za kufunga fundo, na nimemchorea briji.