Siku moja maishani mwangu: mwalimu anayetembea akiwa amekaa

Saa 11:10 alfajiri. Adhana imeshapita, jogoo wa jirani amechelewa kama kawaida yake. Siinuki. Nimelala chali, macho nimefumba, lakini kichwani nimeshakaa ukingoni mwa kitanda: nyayo zinagusa sakafu ya saruji, baridi yake inapanda hadi kwenye vifundo, uzito unasogea mbele kuelekea vidoleni, magoti yanakaza, kiuno kinanyooka. Nimesimama. Narudi kulala humo humo kichwani, naanza upya. Mara 5. Mara ya 6 nainuka kweli, mkono mmoja ukutani.

Nina multipo sklerosisi, ambayo wengi tunaifupisha MS. Kinga ya mwili hushambulia mayelini, ule utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Palipochunika, habari kutoka mguuni huchelewa au hupotea njiani. Kwangu ilianza na ukungu kwenye jicho la kulia, kisha kuyumba. Kabla ya kipimo cha MRI nilitibiwa taifodi mara mbili, na mtaani ikasemwa mwalimu kaanza kunywa. Kichekesho ni kwamba nafundisha Jiografia. Ugonjwa huu huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na Ikweta, na mimi nimeupatia hapa Dar es Salaam, karibu digrii 7 kusini.

Saa 11:30. Kiti cha mbao, simu inapiga tiki-tiki-tiki. Dakika 17. Namba hiyo nimeitoa kwa Barbara Seebacher na wenzake wa Innsbruck, Austria, ambao mwaka 2017 walitoa utafiti wa watu wenye MS waliojiwazia wanatembea, huku wakisikiliza muziki au mlio wa kuhesabu hatua: dakika 17, siku 6 kwa wiki, wiki 4. Mwendo wao uliongezeka na uchovu ukapungua. Wao walipima kutembea. Mimi ninachokitafuta zaidi ni kutoanguka, kwa hiyo nusu ya muda naiweka kwenye kusimama mguu mmoja, kugeuka, na kuokota chaki chini.

Mwanzoni nilikuwa nafanya ovyo. Nilijiona kwa mbali, mama mmoja ndani ya dera anatembea. Dada wa fiziotherapia akanikatisha: "Mwalimu, usijitazame kama video ya harusi. Ingia ndani ya mguu." Ndipo nikaelewa. Ukijiwazia hivyo, sehemu za ubongo zinazopanga mjongeo huamka karibu kama unapofanya kweli, ila misuli haipewi ruhusa. Mayelini haiponi kwa njia hii, na mazoezi ya mwili hayaachwi. Ni kama kupitia somo kabla ya kuingia darasani.

Saa 1:00. Daladala. Nimepata siti, Mungu ni mwema.

Saa 2:20. Kidato cha Pili, mistari ya kontua. "Shikamoo mwalimu!" Marahaba, kaeni. Ubao ndio mtihani wangu. Usawa wa mwili unategemea macho, sikio la ndani, na habari kutoka nyayo na viungo. Nyayo zangu haziaminiki, kwa hiyo naishi kwa macho. Nikigeuka haraka kutoka ubaoni, macho yanapoteza pa kushika na dunia inaondoka bila mimi. Zamani niligeuka kwa kisigino kama askari. Sasa hatua 4 ndogo: kichwa kwanza, jicho linatua kwenye dirisha la mwisho, ndipo miguu inafuata. Nimezipiga hatua hizo maelfu ya mara nikiwa nimekaa. Leo nimegeuka mara 11 bila kushika meza. Wanafunzi hawajui kwamba nahesabu.

Saa 5:40. Umeme umekatika, feni imelala. Hapa ndipo joto linaponionea. Daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, mwaka 1890 aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia kwa muda baada ya kujichosha; baadaye ikajulikana kwamba ni joto: mwili ukipata moto, dalili huzidi, ukipoa hutulia. Ndiyo sababu nayapenda mazoezi ya kichwani kuliko mtu wa Innsbruck anavyoweza kuyapenda. Nikifanya mazoezi ya mwili saa hizi, nusu saa baadaye miguu inakuwa mlenda. Nikiyafanya kichwani, kitambaa cha maji baridi shingoni, jasho halitoki. Akili huchoka, sitadanganya. Baada ya dakika 10 naanza kuwaza madaftari ya kusahihisha.

Saa 7:00. Wali, maharage, kivuli cha mwembe.

Saa 10:15 jioni. Nimeteleza. Nimefanya mazoezi ya kushuka daladala wiki nzima, kichwani: mkono kwenye bomba, mguu wa kushoto chini, subiri, wa pili. Leo dereva amesimama juu ya mtaro. Mguu ukaenda kutafuta ardhi iliyokuwepo kichwani mwangu tu. Kijana mmoja akanidaka kwapani: "Pole mama, taratibu." Konda anagonga bati. Kosa ni langu. Nilikuwa najiwazia kituo kisafi, cha kwenye picha. Leo usiku naongeza mtaro, na konda, na kelele zake.

Saa 2:00 usiku. Binti wa kaka yangu ndiye mshika saa. Kuinuka kitini, mita 3, kugeuka, kurudi, kukaa. Kwa mwili: sekunde 17. Kisha nafumba macho, nainua kidole ninapoanza, nakiinua tena nikimaliza. Mwezi uliopita kichwani nilitumia sekunde 9, yaani nilikuwa naruka kona bila kujua. Muda wa kichwani ukiwa mfupi mno kuliko wa mwili, kuna kipande hukukipita. Leo kimya kimekuwa kirefu, mpaka mtoto kaingiwa na wasiwasi.

"Shangazi, umelala?"

"Sijalala. Niko kwenye kona."