Kifundo kimevimba ila eksirei haikuhitajika

Jamani leo nimempeleka dogo hospitali, kateguka kifundo cha mguu huko Uyole akishusha viazi, mguu umevimba balaa na mi nishaandaa hela ya eksirei. Daktari wala hakukimbilia picha, akambonyeza ile mifupa miwili iliyotokeza, kwa nyuma na kwenye ncha, kama sentimita 6 hivi kwenda juu, akabonyeza na unyayo, halafu akamwambia tembea hatua 4. Akatembea, anachechemea ila anatembea. Kumbe ndo vigezo vya Ottawa, madaktari wa Kanada walivitoa 1992, mfupa usipouma ukibonyezwa na hatua 4 zikiwezekana basi uwezekano wa kuvunjika ni mdogo mno. Nimependa sana daktari anayetumia ushahidi hivi! Dogo kafungwa bandeji, kaambiwa ainue mguu na aanze kukanyaga taratibu.