Mikono ya damu ya mzee

Jana jioni nafunga kibanda kaingia binti, shikamoo anti, marahaba, akatoa kwenye mfuko gauni linanuka naftalini. Krepu, rangi ya damu ya mzee. Hajamaliza hata kulikunjua nikalijua.

"Anti, nataka kama hili la sendofu yangu, hasa hii mikono. Mama anasema lilishonewa huku huku Mbeya, Soweto. Nimezunguka Mwanjelwa kwa mafundi watatu, wote wanasema mikono hawaielewi."

Hawaielewi. Hata mie siielewi mdogo wangu, ila nilikuwepo.

2003, mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya inayofanya mtu akumbatie pasi ya mkaa kama mtoto. Nina miezi minne kwa Mamkubwa, kazi yangu kutia mafuta cherehani, kufumua, kupiga pasi, na ndo kwanza kaanza kuniamini na mkasi. Mwalimu fulani akaleta krepu mita tatu, upana mita moja na nusu, gauni refu la mikono mirefu. Mamkubwa anatoka kwenda kununua uzi akaniambia toa bayasi ya shingo, shona ile ya mshazari sio ya kunyooka, narudi sasa hivi.

Kwa wasioshona: bayasi ni ule utepe mwembamba wa kumalizia shingo na makwapa pasipo kuweka pindo. Lazima ukatwe mshazari, maana uzi wa kitambaa ukienda wima au mlalo hauvutiki, ukikata kwa kona ndo unanyumbuka, ndo unakubali kuzunguka shingo bila kufinyana. Unakunja pembe ya kitambaa, ule ukingo wake wa kiwandani ulale sambamba na nyuzi za mlalo, ile mikunjo inayotokea ndo njia yako, unapiga chaki kila sentimita nne. Shingo inataka kama sentimita sabini hivi. Mabaki ya pembeni yanatosha kabisa, unaunga vipande viwili vitatu yameisha.

Sasa mie nilikuwa nachukia kuunga. Ukiunga bayasi unaweka ncha kwa ncha zikiwa zimepishana kama msalaba, vinabaki vile vimasikio vya kupunguza, ukikosea kidogo tu utepe unakuja na ngazi, na Mamkubwa alishanifumulisha mara tano kwa ngazi. Nikajisemea leo natoa mmoja mrefu usio na kiungo hata kimoja, atashangaa. Nikatandika krepu yote mezani. Nikapiga mstari kuanzia ukingo huu mpaka ukingo ule, kupita katikati ya kitambaa. Mita mbili na zaidi, mstari mmoja! Nikakata. Ukatoka mzuri jamani, unateleza mkononi kama nyoka wa maji, nikasema basi nitoe na wa mikono, nikatoa na wa akiba, na wa akiba ya akiba. Sita.

Mamkubwa alipoingia nilikuwa nimeshazipiga pasi sita zote, kwa kuikandamiza na kuinyanyua, bila kuburuta, kama alivyonifundisha, nimezitundika kwenye kamba. Nikasubiri sifa.

Hakuangalia kamba. Aliangalia meza. Kitambaa kimekuwa vipande viwili, kila kimoja kimechongoka ubavu kama kipande cha keki. Akaweka uzi chini taratibu. Akachukua patani, ile karatasi ya kukatia, ya mbele, akailaza kwenye kipande kimoja, ikaingia. Ya nyuma kwenye kingine, akaizungusha, ikaingia kwa kubanana. Akachukua ya mkono. Akaiweka hivi, akaigeuza, akaiweka vile, akaigeuza tena, mie nasikia mkaa unapasuka ndani ya pasi na daladala linanadi Uyole, Uyole, nje kule, na yeye anageuza tu ile karatasi bila neno, mpaka nikatamani anizabe kibao tuendelee na maisha. Mwishowe akaishikilia hewani, akaniangalia kupitia juu ya miwani.

"Haya. Mikono imeliwa na nini?"

Nikaonyesha kamba.

Usiku ule tuliunganisha zile tepe ubavu kwa ubavu, zote sita, nusu sentimita ya mshono kila upande, likatoka pande refu la mistari mistari, upana kama sentimita kumi na nane. Akakatia humo mikono miwili mifupi. Na kwa vile yote ni mshazari ikavutika na kurudi, ikakaa kwenye mkono kama imemiminwa. Mwalimu alipokuja akauliza mbona mifupi, Mamkubwa bila kupepesa jicho: "Mwalimu, ndo fasheni iliyoingia Dar. Kazi yake kubwa, ila kwako nimeongeza elfu mbili tu."

Akalipa. Tena akajizungusha kwenye kioo mara tatu. Alipotoka, Mamkubwa akanipa mia tano, akasema hiyo ni ya mdomo wako.

Mdomo nimeufunga miaka yote hiyo, kwa mia tano. Jana usiku nikampigia, yuko Tukuyu na migomba yake, macho siku hizi hayamruhusu kutunga uzi. Nikamwambia Mamkubwa lile gauni la damu ya mzee limerudi. Akacheka sana. "Ile mikono yangu? Ile niliibuni mwenyewe." Nikamwambia lakini si mimi ndo nilikata vibaya. "Wewe? Wewe ulikuwa unapiga pasi tu."

Na hakuwa anatania. Nilimsikiliza vizuri, hakuwa anatania.

Sasa gauni liko hapa mezani, nimeligeuza ndani nje. Mishono ile ya ndani nusu yake yangu, imepinda, nilikuwa nalia. Asubuhi nimejaribu kuchora patani ya mkono nikitenga kitambaa chake pembeni kama mtu mwenye akili, mkono umetoka, sawa, lakini kama wa kila mtu. Binti amepiga simu kuuliza kitambaa alete mita ngapi. Nikasema nne. Nikakata. Nikampigia tena, nikamwambia hapana, lete tatu.